Furushi la Bingwa

Laare, 27 Mei 2025

Bingwa Gitari,

Haya, tamba. Umetushinda. Tangu Jumapili nimenuna hata mama ameniuliza nani amefariki, lakini kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa ligi yetu ya fantasi, hii ya kuchagua wachezaji wa mpira mtandaoni, imenibidi nishike kalamu nikupongeze kwa niaba ya wenzetu wote tuliosoma nao chuo na ambao umewaumiza roho. Mimi nimemaliza wa pili. Wa pili, Gitari! Kapteni wangu anatolewa nje akichechemea hata jasho halijamtoka, na wako anafunga mawili. Hiyo si akili. Hiyo ni bahati tupu na unajua.

Sheria unaikumbuka. Baada ya ule ugomvi wa pesa uliotaka kutuvunja, tulisema hakuna shilingi tena. Bingwa anachagua kitu, na aliyeshika nafasi ya pili anakitoa kwao, kikiwa na barua ya mkono juu yake. Si ujumbe wa simu, maana kwenye simu kila mtu ni mjeuri. Kwa hivyo mwaka huu mzigo ni wangu.

Mapendekezo yamenifikia. Mutugi wa Kanja anataka sote tuje Kibugu tukuchumie majani chai kutwa nzima, kila mtu amevaa jezi ya timu anayoichukia. Ann anasema beberu avishwe jezi yako, aletwe hadi mlangoni akivutwa na aliyeshika mkia. Aliyeshika mkia ni Ann mwenyewe, sijui kama alikumbuka. Mwingine anataka jina lako lichorwe nyuma ya pikipiki moja hapa Laare, boda wetu wakimbie na miraa na jina lako mwaka mzima. Hiyo niliipenda. Lakini bingwa ni wewe, sema.

Nisalimie Baba. Nisalimie na dada yako.

Marete


Kibugu, 2 Juni 2025

Mwenyekiti uliyeshindwa,

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza kwa ajili ya salamu na mara ya pili kwa ajili ya raha. Ati bahati! Nilikuambia Machi uuze yule mshambuliaji wako, ukanitukana.

Kwa hayo mapendekezo, Mutugi na jezi zake akae kwao. Nikiwaacha nyinyi kwenye chai yangu mtachuma hadi majani yaliyokomaa, kiwanda kiyakatae, halafu zawadi igeuke hasara. Beberu pia hapana, atakula maua ya mama.

Mimi nataka furushi. Si hii miraa ya kufungwa mbiombio ya stendi. Nataka lile ulilotusimulia siku moja, la miti ya babu zenu, linalofungwa kwa majani ya mgomba kama linapelekewa mzee mkubwa. Linifikie Jumamosi tarehe 21, asubuhi na mapema. Siku hiyo hapa nyumbani kuna shughuli, wazee watakuwepo, na nataka waone kwamba mtoto wao anaheshimiwa hadi huko kwenu Nyambene. Shughuli yenyewe nitakueleza ikishapita. Wazee hawapendi itangazwe.

Usiniletee takataka, nitakufuta ligini.

Gitari, Bingwa


Laare, 5 Juni 2025

Wambeti wangu,

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako naanza kuongea habari za mpira, na leo sitaki. Dereva wa gari la miraa ataiacha hii dukani kwa Cicily, hapo karibu na kwenu.

Wambeti, kaka yako ameomba ncoolo! Kwa mkono wake ameandika! Ngoja nikueleze ndiyo uelewe furaha yangu. Kwetu, mwanamume akimtaka msichana hapayuki. Anachagua miraa ya miti ya zamani, inafungwa vizuri kwa majani ya mgomba, inapelekwa kwa baba ya msichana. Furushi likirudishwa kama lilivyokwenda, amekataliwa, anaenda zake na aibu yake bila maneno. Likifunguliwa, amepokelewa, na wazee wake wanaitwa waje waongee. Hiyo ndiyo ncoolo, na ndilo furushi Gitari ametaka. Nilimweleza maana yake tukiwa kwake. Alikuwa anatazama mechi, lakini alikuwa ananisikia.

Sasa fikiria. Kwa nini achague hilo na si kitu kingine? Kwa nini anataka lifike siku ambayo wazee wamekaa? Kwa nini anasema shughuli isitangazwe? Amejua habari zetu. Amejua naogopa, maana ni Mwembu gani atampa binti yake mtu wa miraa wa Laare, na amenifungulia mlango kwa desturi ya kwetu ili nisiaibike. Huyo ni ndugu. Nililia kidogo, sikufichi.

Marete


Kibugu, 9 Juni 2025

Marete,

Ningekupigia, lakini ukiona jambo ni zito huwa unaiacha simu ilie. Karatasi najua utaisoma.

Shughuli ya tarehe 21 ni yangu. Mugendi, yule anayefanya kazi Embu mjini, anakuja na wazee wake kuniomba. Nilikuambia Aprili kwamba anaulizia kwetu. Ukanijibu na habari za mchezaji aliyeumia goti. Nilikaa na hiyo simu mkononi nikajiuliza kama nimeongea na mtu au na redio.

Gitari hajui chochote kuhusu mimi na wewe. Hajui, Marete! Ametaka miraa kwa sababu anapenda miraa na anapenda kuringa mbele ya wageni. Basi. Usimjengee mtu fikira ambazo hana.

Na hapa kwetu furushi ni furushi. Hapa mtu anakuja, anabisha hodi, anasema jina lake na kilichomleta. Utasema, mbona mimi nisiseme? Nikisema, Baba ataniuliza swali moja tu: huyo mtu yuko wapi? Nitamwonyesha nini, simu? Miaka yote hii nimekungoja useme wewe. Nimekataa wengine wawili na sikukuambia, nisikutie presha.

Siku hiyo nitapewa kikombe cha uji mbele ya watu. Nikionja na kumpa Baba, nimekubali. Nikikiweka chini, lazima niseme ni kwa ajili ya nani. Nitakiweka chini, Marete, nakuambia kweli, lakini nataka uwe umeketi humo ndani nikikuangalia. Uje na miguu yako. Sikuombi kitu kingine, wala sitakuomba tena.

Wambeti


Laare, 14 Juni 2025

Wambeti,

Barua yako imenikata maini. Sikujua kuhusu hao wawili. Hilo la Aprili sina la kujitetea, niliogopa nikaongea upuuzi.

Nimemwambia baba mdogo, mzee Kiambi, kila kitu. Amekubali kunisimamia, na yeye mwenyewe ndiye atakayelifunga. Lakini amekataa katakata nilifuate. Anasema kwetu mwenye furushi hafuatani nalo. Anakaa mbali angoje, kwa sababu akiketi pale analazimisha watu, na wazee wenu wakisikia baadaye watasema Wameru walikuja kunyakua. Nilimwambia Waembu hawana hilo. Akaniuliza, wewe ni Mwembu? Na huyu ndiye mzee niliye naye tangu baba afariki. Nikimkosea, nitakuja kwenu na nani?

Kwa hivyo nimepanga hivi. Furushi litaondoka Laare alfajiri ya Jumamosi, na mimi nitatangulia Embu mjini siku moja kabla. Likifunguliwa tu, napanda Kibugu na wazee. Nitakuwa karibu kabisa. Umesema Gitari hajui, basi nitamwandikia barua ya kwenda na furushi nimweleze wazi, bila kuzungukazunguka. Nakuapia. Akiisoma atakuja kwako mwenyewe.

Usionje huo uji kabla hujanisikia.

Marete


Laare, 19 Juni 2025

Bingwa,

Zawadi yako ndiyo hii. Inatoka kwenye miti iliyopandwa na baba ya babu yangu, ile ambayo hatuichumi kwa soko. Mzee Kiambi ataichuma na kuifunga mwenyewe alfajiri ya safari, na hataki mtu amsaidie. Isikae sana, ikilala itanyauka.

Kuna jambo nilitaka kukuandikia hapa. Nimechana karatasi kadhaa. Nikiandika mstari wa kwanza naona uso wako ukicheka, nikiandika wa pili naona uso wa Baba, halafu naacha. Unanijua, mdomo wangu ni mrefu kwa mambo ya bure tu. Ni jambo la heshima, si baya. Nafikiri furushi lenyewe litaongea kuliko mimi.

Ombi langu ni hili. Lifungue wewe mwenyewe, mbele ya Baba, kabla mtu mwingine hajaligusa. Ukilifungua nitajua umenielewa. Usipolifungua pia nitaelewa, wala sitakuuliza, tutabaki marafiki.

Halafu kuhusu msimu ujao, nafikiri turuhusu mabadiliko mawili ya wachezaji kwa wiki, hilo tutajadili.

Marete


Kibugu, 23 Juni 2025

Mwenyekiti wangu mpendwa,

Weh! Umenipa heshima ambayo sitaisahau. Furushi lilifika asubuhi, bado lina umande. Nimefanya ulivyosema, nikalifungua mbele ya Baba, kidogo kidogo, nikapiga picha nikaweka kwenye kundi la ligi, najua uliiona maana ulikuwa wa kwanza kuweka alama za furaha. Niliona umejaza skrini nzima nikasema huyu leo amekunywa nini.

Sasa shughuli yenyewe. Wambeti wetu ameombwa! Bwana anaitwa Mugendi, kijana mtulivu, ana kazi nzuri. Walikuja na wazee wengi, na unajua wazee wakija, mkono mtupu wa mwenyeji ni aibu. Basi nikachukua furushi lako lote nikawagawia. Marete, hujawahi kuona wazee wakifurahi hivyo. Baba yake Mugendi alitafuna akasema hajaonja miraa kama hiyo tangu ujana wake, na kwamba nyumba inayopokea wageni kwa kitu kama hicho ni nyumba ya kuoa. Maongezi yakalainika hapo hapo. Sikudanganyi, wewe ndiye umemwozesha dada yangu!

Kitu kimoja tu, Wambeti alipopewa kikombe alikaa nacho. Alisimama, akaangalia mlango, akaangalia tena. Wanawake wakaanza kucheka kwamba anaona haya. Mwishowe alionja akampa Baba. Vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Harusi ni tarehe 9 Agosti. Nimeshawaambia MC ni wewe, hakuna mtu mwingine mwenye mdomo kama wako. Na Mugendi anataka kujiunga na ligi. Nimemwambia zawadi zetu zilivyo akafurahi sana, anapendekeza mwaka ujao bingwa apewe furushi lile lile.

Ile barua yako niliisoma juu juu, wageni walikuwa njiani. Hilo jambo la heshima ni lipi? Ni mabadiliko mawili kwa wiki? Hapana, moja linatosha.

Gitari


Kibugu, 25 Juni 2025

Marete,

Kumbe hukumwandikia Gitari habari zetu. Niliitafuta barua yako chini ya vikombe nikaisoma. Umeandika kuhusu kuchana karatasi na kuhusu mabadiliko kwa wiki.

Humo ndani ni mimi peke yangu niliyejua wale wazee wanatafuna nini. Nilipitisha chai nikiwaona wanatoa maganda na kuyatupa sakafuni, na mimi ndiye niliyefagia baadaye. Nilisema moyoni, sawa, furushi limeliwa, lakini mwenyewe anakuja, amesema yuko karibu. Kila mbwa alipobweka nilijua ni wewe. Nilikishika kile kikombe hadi uji ukapoa.

Mugendi alikuwa ameketi. Si mtu ninayempenda, lakini alikuwa ameketi pale, amevaa shati lake la kupigwa pasi, anafunga na kufungua kifungo cha mkono. Nikaona angalau huyu ameogopa akiwa hapa.

Nimekasirika na sitaki kukuficha. Nilikuwa tayari kusimama mbele ya ukoo wote kwa ajili yako. Ulihitajika kubisha hodi tu. Usiniandikie.

Wambeti


Laare, 1 Julai 2025

Wambeti,

Umesema nisiandike na nimeandika. Hii ya mwisho.

Nilikuwa Embu mjini, nimekaa kwenye kibanda cha mtu wa kwetu anayeuza miraa. Picha ya Gitari ilipoingia, furushi limefunguliwa, Baba ameketi nyuma yake, nilipiga kelele. Niliwanunulia soda watu nisiowajua. Nikampigia mzee Kiambi akaniambia hongera, sasa tulia, wakikuita ndiyo tutapanda, usijipeleke kama mwenye njaa. Nikatulia. Nilikaa pale mpaka mwenye kibanda akaanza kufunga. Nilikuwa nangoja kuitwa, Wambeti, na nilikuwa na furaha. Hiyo ndiyo inanichoma zaidi, kwamba wakati wewe unaangalia mlango, mimi nilikuwa nacheka na watu.

Nimewaza nije sasa. Nimevaa viatu nikavua. Umeonja, Baba amekunywa, wazee wa watu wamerudi kwao wakiimba. Nikija sasa nitakuwa nimewaaibisha nyote, na ninajua ndani yangu kwamba hata hicho ni kisingizio tu. Naogopa hata sasa hivi.

Nakupenda. Tazama, ni neno fupi tu. Sijui lilikuwa linanishinda nini.

Marete


Laare, 4 Julai 2025

Bingwa,

Hongera kwa familia yote. U-MC sitaweza, wiki hiyo tuna mavuno. Ann ana sauti nzuri, mwombeni.

Uenyekiti pia nauacha. Mugendi mpokeeni vizuri ligini. Zawadi za mwaka ujao amueni wenyewe, ila furushi msiliweke. Miti ile inahitaji kupumzika.

Marete


Kibugu, 12 Agosti 2025

Marete,

Harusi imepita. Jana Wambeti alipokuwa akifunga masanduku ya kuhamia Embu, nilimwona ameketi kitandani, mikono mapajani, hafungi chochote. Nikamtania nikamwambia hata rafiki yangu wa Laare alikataa kuwa MC wa harusi yake. Ndipo aliponiambia. Aliniambia yote, bila machozi, kama mtu anayesoma tangazo kanisani, kisha akaniomba nisikuandikie. Gari la Mugendi lilipokuja alibeba begi lake mwenyewe akaingia.

Nimekutukana tangu jana. Nimejitukana na mimi. Wewe ndiye ungekuwa shemeji wangu wa kutazama naye mechi hadi tuzeeke, na ukaniletea majani ya mgomba badala ya maneno! Ulidhani ningefanya nini, Marete? Ningekupiga? Ningelia kwa furaha, mjinga wewe.

Kuna jambo hata yeye hajui, sikuweza kumwambia akiwa na begi mkononi. Nitakuambia wewe, maana siwezi kukaa nalo peke yangu. Asubuhi ile nilipomaliza kulifungua furushi lako, Baba aliinama akaigusa kamba iliyokuwa imelifunga, akaangalia ilivyosokotwa kwa uangalifu. Akaniuliza, "Huyu rafiki yako ana mke?" Nikamwambia hana. Akasema siku ulipolala hapa kwetu uliamka ukamkamulia ng'ombe bila kuambiwa, na kwamba Wambeti huimba siku ukipiga simu, na yeye ni mzee lakini si kiziwi. Akasema wageni hawajafika bado, tunaweza kuwaambia wasubiri mwezi mmoja, si dhambi. Akaniambia, "Mpigie sasa hivi, muulize kama anamtaka."

Nilikuwa na simu mkononi, Marete. Nilikuwa nikiangalia zile alama zako za furaha. Nikacheka, nikamwambia, "Huyo, Baba? Huyo hawazi mwanamke, anawaza mpira tu. Angekuwa na neno angekwisha sema." Baba akasema, "Haya," akaenda kuwafungulia wageni lango.

Gitari